Barabara Kuukuu ni Mali ya Nani?

Anayesafiri katika barabara zetu kuu wakati wa matengenezo makubwa huona marundo ya mabonge meusi ya lami, yaliyong'olewa na katapila na kumwagwa kando ya njia, katika mabonde, kwenye kingo za vijito, na mara nyingine ndani ya shamba la mtu. Liko jambo la pili ambalo msafiri wa basi halioni, kwa maana limejificha nyuma ya kilima au katikati ya kijiji. Nalo ni shimo. Kifusi cha kujengea barabara mpya kilichimbwa huko, na mahali palipokuwa na mihogo, mikorosho au malisho pamebaki bwawa lisilo na mwenyewe, ambalo maji ya masika hulijaza, na mbuzi, ng'ombe na watoto hulifuata.

Tumezoea kuyatazama mambo haya mawili kama gharama ya maendeleo ambayo haina budi kulipwa. Sisi tunaotumikia katika huduma ya Haki na Amani tunapenda kusema katika kurasa hizi kwamba sivyo. Rundo lile na shimo lile ni matunda ya kosa moja. Barabara kuukuu imehesabiwa kuwa takataka, na kwa sababu hiyo imebidi ardhi ya maskini ichimbwe ili kupata cha kuweka mahali pake.

Watakuwapo waamini watakaoshangaa kuona Kanisa likizungumza habari za lami na kokoto. Tunawaomba wavumilie hadi tutakapofika kwenye shimo.

Tuanze na barabara yenyewe. Barabara ya lami si lami tupu. Kile kinachoonekana juu, katika barabara nyingi za nchi yetu, ni ngozi nyembamba ya sentimeta chache. Katika nyingine ni lami ya moto iliyomwagwa, ikatandazwa kokoto juu yake na kushindiliwa. Chini ya ngozi hiyo kuna tabaka la msingi, la mawe yaliyosagwa au changarawe teule, na chini yake tabaka jingine la kifusi, kisha udongo wa asili. Anayebeba uzito wa gari ni msingi. Kazi kubwa ya ngozi ni kuzuia maji yasipenye na kuyapa magurudumu mahali pazuri pa kupita.

Ngozi hiyo huzeeka. Jua huikausha lami ikakakamaa na kupasuka, maji huingia katika nyufa, na lori lililozidisha mzigo humalizia kazi. Majaribio makubwa yaliyofanyika katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hayaongezeki sawasawa na uzito wake: ekseli iliyobeba mzigo mara mbili huiumiza barabara kwa takriban mara 16. Ndiyo sababu ya kuwa na mizani barabarani, na ndiyo sababu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitunga sheria ya pamoja ya uzito wa magari mwaka 2013, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwezi Machi 2019. (Na kwa kuwa tumefika kwenye mizani, tuseme pia kwamba mwamini anayetoa chai pale ili lori lake lipite amekula barabara ya jirani yake, hata kama Jumapili inayofuata atatoa sadaka nono.)

Lakini ngozi ikizeeka, jiwe halikuzeeka. Fikirini barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kupitishia shaba na mafuta yake, na miaka michache baadaye barabara hiyo ikajengwa kwa lami kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya. Ilipasuliwa miamba, ikasagwa, ikasafirishwa, ikashindiliwa. Tangu hapo imefanyiwa matengenezo makubwa zaidi ya mara moja, na kila mara palikuwa na mikopo na kodi za wananchi. Jiwe lililosagwa wakati ule bado ni jiwe. Ile lami iliyolishika, hata ikiwa imekakamaa, bado imo. Anayeyang'oa na kuyatupa bondeni anatupa kitu kilicholipiwa, na pengine deni lake bado linalipwa.

Je, vitu hivyo vinaweza kutumika tena? Vinaweza, wala hatuzungumzi juu ya ndoto. Mtambo wenye ngoma iliyojaa meno magumu ya chuma hupita juu ya barabara kuukuu, ukiisaga lami pamoja na sehemu ya msingi ulio chini yake, kwa kina cha sentimeta 15 hadi 30. Kabla haujapita, saruji au chokaa hutandazwa juu ya barabara, asilimia chache tu ya uzito wa kile kitakachosagwa. Maji hutoka katika boza linalotangulia mbele na kuingizwa ndani ya ngoma, hata vyote vikachanganyika hapohapo. Nyuma hufuata rola, kisha greda la kusawazisha, kisha rola tena, na yote hayo hayana budi kukamilika katika saa chache kabla saruji haijashika. Tabaka hilo hutunzwa lisikauke kwa siku 7 hivi, na juu yake huwekwa ngozi mpya ya lami. Barabara ya zamani imegeuka kuwa msingi wa barabara mpya, nao ni msingi wenye nguvu kuliko ule wa kwanza.

Ipo njia ya pili, ambayo haitegemei saruji peke yake. Lami iliyopashwa moto hadi nyuzi 160 au 180 huchanganywa na maji baridi kidogo sana, nayo hufura ghafla mara 10 na zaidi, mithili ya maziwa yanapochemka na kutaka kumwagika. Katika sekunde hizo chache hujishikiza kwenye chembe ndogondogo za mawe na kuzifunga pamoja. Lami inayohitajika ni asilimia 2 au 3 tu ya uzito wa mchanganyiko. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, Profesa Ladis Csanyi, ndiye aliyeibuni katikati ya miaka ya 1950. Wenzetu wa Afrika Kusini waliichunguza kwa muda mrefu na kutoa mwongozo wake mwaka 2002. Na asifikiri mtu kwamba ni barabara ya kimaskini kwa watu maskini. Mwaka 2011, katika jimbo la Virginia, kipande cha takriban kilomita 6 cha barabara kuu namba 81, ambayo malori huipita usiku na mchana, kilijengwa upya kwa kutumia mabaki ya barabara hiyohiyo.

Wala si lazima kila mahali uwepo mtambo huo wa gharama kubwa. Pale ambapo ngozi ya lami ni nyembamba na magari si mengi, greda lenye meno ya nyuma linaweza kuichimbua, mabonge yakavunjwavunjwa, yakachanganywa na changarawe iliyopo na saruji au chokaa kwa greda au kwa trekta lenye plau ya sahani, kisha yakashindiliwa. Ubora wake haulingani na ule wa mtambo, na wahandisi watatuambia hivyo kwa haki. Lakini ni afadhali kuliko kutupa. Mwongozo wa usanifu wa barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi ya Tanzania mwaka 1999 unazitambua tabaka zilizoimarishwa kwa saruji na chokaa. Kwa hiyo anayesema kwamba jambo hili halijulikani nchini hasemi kweli.

Sasa tupige hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuihakiki. Barabara yenye upana wa meta 6.5, ikichimbuliwa kwa kina cha sentimeta 20, kila kilomita moja ina meta za ujazo 1,300. Lori likibeba meta za ujazo 10, hizo ni safari 130 za kuondoa kilichopo na safari nyingine 130 za kuleta kipya. Kwa kipande cha kilomita 60 tunazungumza juu ya meta za ujazo 78,000 za kutupa na 78,000 za kuchimba. Shimo la kina cha meta 2 litakalotoa kiasi hicho litameza karibu ekari 10. Ekari 10 ni mashamba ya familia ngapi katika kijiji chako, ndugu msomaji?

Kwa upande wa pili wa mizani, tukikadiria kwamba meta moja ya ujazo ina tani 2, na saruji ikiwa asilimia 3, kila kilomita itataka tani 78 za saruji, yaani mifuko 1,560 ya kilo 50. Hicho si kiasi kidogo, na fedha yake si kidogo. Lakini saruji hutengenezwa hapa nchini, Wazo Hill, Tanga, Songwe na Mtwara, na mishahara yake hulipwa hapa. Lami huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni.

Tumefika kwenye shimo.

Mjane mmoja katika parokia tuliyoitembelea alitupeleka nyuma ya nyumba yake. Walikuja watu wa barabara, alisema, wakapima, wakahesabu mihogo yake shina kwa shina, wakamlipa mihogo. Ardhi hawakuilipa, kwa kuwa walimwambia itarudishwa kama ilivyokuwa. Mkandarasi alimaliza kipande chake akahamisha mitambo. Pale mahali leo pana ukingo ulionyooka kama ukuta, urefu wa mtu na nusu, na chini maji ya kijani. Mama yule amepanda miti ya miiba kuzunguka ukingo kwa mikono yake mwenyewe ili wajukuu wasisogee. Tulipomuuliza kama aliwahi kulalamika, alijibu kwamba hakujua aende kwa nani, maana kila ofisi ilimwonyesha ofisi nyingine.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mistari ya 33 na 34, Torati inamzungumzia mtu anayefukua shimo na kuliacha bila kulifunika, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia humo. Torati haimwulizi kama alikuwa na kibali. Haimwulizi kama shimo lilichimbwa kwa faida ya taifa. Inasema alipe. Ikiwa sheria ya zamani hivyo ilimhurumia punda, sisi tunaojiita Wakristo tutasema nini juu ya mtoto?

Hatudai kwamba kuitumia tena barabara kuukuu kutafuta mashimo yote. Barabara ikipanuliwa, kifusi cha pembeni lazima kitoke mahali. Tuta likiinuliwa, vivyo hivyo. Lakini kila meta ya ujazo inayopatikana barabarani ni meta ambayo haikuchimbwa shambani, na kila safari ya lori isiyofanyika ni vumbi ambalo halikuingia katika vifua vya watoto wa shule waliojenga mazoea ya kutembea kando ya njia.

Basi kwa nini haifanyiki zaidi? Ziko sababu za kweli, nasi tutazitaja baadaye kidogo. Lakini iko sababu moja ambayo haisemwi hadharani. Mikataba mingi ya barabara humlipa mkandarasi kwa kila meta ya ujazo anayochimba, na humlipa tena kwa umbali anaousafirisha. Mtu anayelipwa kwa kuchimba na kusafirisha hana sababu ya kukipenda kilichopo tayari chini ya magurudumu yake. Hatumhukumu, amesoma mkataba wake vizuri kuliko sisi tulivyousoma. Swali letu ni kwa wale walioandika mkataba kwa jina letu. Lami inapozeeka, ni nani aliyeamua kwamba barabara hiyo haina thamani tena, na alipimaje? Kama mabaki yana thamani, nani anayamiliki? Tumesikia mahali ambapo mabonge yaliyong'olewa yaliuzwa kwa watu binafsi kusawazishia viwanja vyao, huku kijiji kilichotoa kifusi hakikupewa hata lori moja la kuziba matope mbele ya zahanati.

Sababu za kweli ni hizi. Si kila barabara inafaa kusagwa na kutumika tena. Ikiwa imekufa kwa sababu maji hayana mfereji wa kupita, au kwa sababu imelala juu ya ule udongo mweusi wa mbugani unaovimba masika na kupasuka kiangazi, basi kuimarisha tabaka la juu ni kumvika mgonjwa kanzu mpya. Lazima yachimbwe mashimo madogo ya uchunguzi kwa umbali wa kila mara, vielelezo vipelekwe maabara, na mchanganyiko ujaribiwe kabla ya kazi. Saruji nayo ina hila yake. Ikipungua, tabaka halishikani. Ikizidi, hukakamaa mno na kupasuka, na nyufa hizo hupanda hadi kwenye lami mpya. Msimamizi asiye mwaminifu anaweza kuiba mifuko kumi kila siku na asijulikane mpaka mvua ya pili. Kwa hiyo njia hii inahitaji wahandisi hodari na, zaidi ya hapo, waadilifu. Tunayo bahati kwamba wengi wao ni waamini wetu, na kwao tunasema kwa upendo kwamba maabara ya udongo nayo ni mahali pa kumshuhudia Kristo.

Kuna pia jambo la vibarua. Saruji na chokaa huunguza ngozi na macho, na vumbi lake ni adui wa mapafu. Mahali ambapo mifuko hupasuliwa kwa mikono na kutandazwa kwa reki, tumeona vijana wakifanya kazi hiyo kwa kandambili, bila glavu, wakiwa wamejifunga fulana puani. Barabara iliyookoa shamba la mjane kwa kumharibu kijana huyo haijatimiza haki. Viatu, glavu, miwani na barakoa viandikwe katika mkataba, navyo vionekane miguuni na mikononi, si kwenye stakabadhi.

Wapo pia akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo kandokando ya barabara zetu na kuishi kwa kazi hiyo. Je, watakosa soko? Tumelifikiri jambo hili, na maoni yetu ni kwamba hapana. Kokoto zao ni za zege la mitaro, makalvati na nyumba za watu, nazo zitaendelea kutakiwa. Anayesaga mlima kwa ajili ya msingi wa barabara hununua kwa mtambo, si kwa mama mwenye nyundo.

Mwenyeheri Papa Yohane Paulo II, ambaye sasa ni Mtakatifu, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 1990, aliunganisha amani na utunzaji wa viumbe vyote. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aliukemea utamaduni wa kutumia na kutupa. Lakini wengi wetu tutalielewa jambo hili upesi zaidi tukikumbuka yale yaliyotokea baada ya watu elfu tano kushiba mikate, katika Injili ya Yohane sura ya 6. Yeye aliyeweza kufanya mkate kutokana na karibu bure ndiye aliyewaamuru wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee chochote. Vikajaa vikapu 12. Serikali yetu haina uwezo wa kuizidisha mikate, nayo ingekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuhifadhi vipande.

Na hasara ya kutohifadhi si ndogo. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1994 juu ya maendeleo ilikadiria kwamba dola bilioni 12, kama zingetumika kwa wakati kuzitunza barabara za Afrika katika miaka kumi iliyotangulia, zingeokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Hizo zilikuwa zahanati na madarasa ambayo hayakujengwa.

Tunawaomba basi viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo wasingoje mitambo ifike. Mradi mkubwa wa barabara hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na maoni ya wananchi ni sehemu ya tathmini hiyo. Nendeni mkaulize siku hiyo: lami iliyopo itafanywa nini? Je, ilichunguzwa kama inaweza kusagwa na kuimarishwa papo hapo, na matokeo yako wapi? Kifusi kitatoka wapi, shamba la nani, kwa kina gani, na nani ameweka fedha ya kulifukia? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Kiongozi akiwaambia kwamba amekwisha kukubaliana na mkandarasi, mwombeni kwa adabu muhtasari wa mkutano. Tangu mwaka 2016 iko pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ni ya mkulima kama ilivyo ya mwandishi wa habari.

Na kwa mashimo yaliyokwisha kuachwa, tunaomba kila jumuiya itembelee yaliyo katika eneo lake kabla ya mvua kuanza. Pimeni kwa hatua urefu na upana, mkipima kina kwa kamba yenye jiwe, wala mtu yeyote asiingie majini. Andikeni jina la mwenye shamba, mwaka liliochimbwa, kama alilipwa na alilipwa nini, na kama kuna mtu au mnyama aliyewahi kudhurika humo. Karatasi hizo zikabidhiwe kwa katekista, naye azifikishe ofisi ya parokia, ili mwakilishi wa Haki na Amani azipeleke jimboni zikiwa pamoja. Mjane tuliyemtaja amekwisha kutupa ya kwake. Shimo lake lina hatua 94 kwa 60.